Kuanzisha kongano la embe mkoani Pwani: kuanzia mwembe hadi pakiti

Katika kongano la matunda, yaani wakulima na kituo cha kusindika wanaofanya kazi pamoja, mashine hununuliwa mwisho. Mara nyingi huwa kinyume: kaushio na mashine ya juisi huletwa kwanza, jengo linazinduliwa, kisha msimu unaonyesha kwamba maembe yaliyopo ni ya aina kumi, mengi yana funza, na mengine yalishauzwa kwa mchuuzi tangu yakiwa maua. Mwongozo huu umepangwa kwa Mkuranga, Kibiti, Rufiji na Bagamoyo, ambako mavuno makubwa ya embe na mvua za vuli hukutana. Jambo hilo moja linabadili karibu kila uamuzi wa ukaushaji. Kikundi cha Tabora au Morogoro kibadilishe tarehe, hatua ni zilezile.

Hesabuni miti kwanza

Fungueni daftari moja lenye jina la mkulima, idadi ya miembe inayozaa, aina zake, matenga yaliyochumwa msimu uliopita, wiki ya kuanza na ya kumaliza kuchuma, na hali ya barabara wakati wa mvua. Pitieni shamba kwa shamba, msiandike idadi ya kutajwa kikaoni. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 10 kwa 10 hubeba miti 40. Kwa mita 8 kwa 8 hubeba 63. Anayesema ana miembe 120 katika ekari moja ama eneo lake ni kubwa kuliko anavyodhani, ama miti imebanana na haizai vizuri.

Chukulieni mfano wa wakulima 50 wenye miembe 40 kila mmoja. Miti 2,000 ikitoa wastani wa kilo 60 ni tani 120. Nusu, yaani maembe makubwa yenye ngozi safi, yauzwe kama tunda, kwa sababu soko la Buguruni, Dar es Salaam, au hoteli italipa bei ambayo kaushio haliwezi kulipa. Robo nyingine huliwa, huanguka au huharibika. Robo inayobaki, tani 30, ndiyo ya kusindika: maembe madogo, yenye umbo baya au makovu ya ngozi, lakini nyama yake ni nzima. Embe lililooza halisindikwi. Kituo kinachopokea mabovu kwa kuwa ni bei rahisi hupoteza muda mwingi wa kuchambua na hutoa bidhaa inayochacha.

Tani 30 zikigawanywa kwa wiki 10 za siku 6 ni kilo 500 kwa siku. Msimu wa kwanza jengeni uwezo wa nusu yake, kilo 250. Hesabu zote zinazofuata zimejengwa juu ya kilo hizo 250.

Kuuza maua

Kati ya Julai na Septemba mwembe unapochanua, mchuuzi hupita na fedha mkononi na kununua mti mzima. Mkulima anakubali kwa sababu ana shida siku hiyo, si kwa sababu hajui hesabu. Kikundi kisichokuwa na jibu kwa shida hiyo hakitapata maembe, hata kiwe na mkataba wenye mihuri. Jibu linalofanya kazi ni malipo ya awali kutoka VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) au AMCOS (chama cha ushirika wa mazao), yasiyozidi theluthi ya thamani ya mavuno yanayotarajiwa, yakikatwa kidogo kidogo kila mkulima anapoleta mzigo. Zaidi ya theluthi ni hatari: mvua ya upepo ikiangusha maua, mkulima anaingia msimu ujao na deni.

Upande wa pili wa ahadi ni wenu. Maembe yapimwe kwa kilo kwenye mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, mkulima akiona namba, na alipwe siku hiyohiyo kwa simu. Kituo kinachosema "njoo wiki ijayo" mara mbili tu kinarudisha wakulima wake kwa mchuuzi.

Shambani: aina chache, na nzi wa matunda

Kwa kukausha mnahitaji nyama nene, ngumu kiasi, isiyo na nyuzi. Kent, Keitt na Ngowe zinafaa. Maembe ya kienyeji yenye nyuzi hutoa vipande vinavyong'ang'ania menoni, ila rojo lake huwa na harufu nzuri sana kwa juisi. Keitt ina faida nyingine: huchelewa kuiva, hivyo hurefusha kazi ya kituo kwa wiki kadhaa. Chagueni aina mbili za kukausha na moja ya juisi, basi.

Miembe mizee isiyo na soko haina haja ya kung'olewa. Ikateni kwa msumeno kwenye kimo cha mita 1 hadi 1.5 baada ya mavuno, pakeni chokaa kwenye shina ili jua lisilipasue, subirini machipukizi, acheni manne hadi sita yaliyokaa pande tofauti, kisha yabebesheni (yaani pandikizeni juu yake) vijiti vya aina mnayotaka yanapofikia unene wa penseli. Matunda huanza kurudi baada ya miaka miwili au mitatu. Kila mkulima akate theluthi tu ya miti yake kwa mwaka, asije akabaki bila kipato. Anayepanda upya achimbe shimo la sentimita 60 kila upande, atenganishe udongo wa juu na wa chini, achanganye wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, na ahakikishe kidonda cha kubebesha kinabaki juu ya ardhi. Kikifukiwa huoza, au shina la kienyeji huchipua na kuumeza mche wote.

Wakati wa maua, ubwiriunga (ukungu mweupe kama unga) na chule (ugonjwa wa madoa meusi) ndivyo vinavyoangusha vitunda. Ubwiriunga hudhibitiwa kwa salfa, ambayo wakulima wa korosho wanaijua vizuri. Chule kwa dawa ya kopa, hasa mvua zikinyesha mapema. Kupogoa matawi ya katikati ili upepo upite kunapunguza vyote viwili bila gharama ya dawa.

Adui mkubwa ni nzi wa matunda, hasa Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutoboa embe linapokaribia kukomaa na kutaga ndani, na mkulima huona funza wakati embe limeshafika sokoni. Mitego yenye kivutio cha methili yujeno hukamata madume peke yao. Hapo ndipo vikundi vingi hukosea: mtego unajaa nzi, watu wanafurahi, na majike yaliyokwisha kupandwa yanaendelea kutaga. Mitego ni ya kuwapunguza na ya kujua lini wameongezeka. Kazi yenyewe hufanywa na mambo matatu yakienda pamoja:

– Okoteni maembe yote yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa wiki. Yafukieni ili juu yake kuwe na udongo wa sentimita 50 au zaidi, au yafungeni kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuyaacha juani wiki nzima. Shimo la kina kifupi halisaidii, maana nzi wachanga hupenya udongo na kutoka.
– Nyunyizeni chambo cha protini chenye kiuatilifu kilichosajiliwa, kwenye eneo dogo la majani la kama mita moja ya mraba kwa mti, kila wiki, kuanzia maembe yanapokuwa na ukubwa wa yai la kuku hadi mwisho wa kuchuma. Mvua ikiosha, rudieni.
– Pale ambapo maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, wapo mitini, waacheni. Wanafukuza nzi na kunguni wa minazi. Wachumaji hupaka jivu mikononi na miguuni ili wasiumwe. Wana ubaya wao, kwani hufuga vidugamba, lakini hasara hiyo ni ndogo kuliko ya nzi.

Yote haya hayana maana yakifanywa na mkulima mmoja katika kitongoji. Nzi hana mpaka wa shamba. Wekeni siku moja ya wiki ya kuokota kwa kitongoji kizima, na asiyeokota asipokelewe mzigo wake. Ni sheria kali, na bila hiyo hakuna kongano.

Kuchuma na kupokea

Embe liko tayari mabega yake yanapojaa na kupanda juu ya kitako cha kikonyo, na nyama iliyo karibu na kokwa imeanza kuwa ya njano. Chumeni asubuhi kwa mfuko wenye mpini, mkiacha kikonyo cha sentimita 1 hadi 2. Kikikatwa karibu sana utomvu humwagika na kuunguza ngozi. Tumieni kreti za plastiki. Kwenye tenga au kiroba kilichojazwa hadi shingoni, maembe ya chini hufika yamepondeka, na alama nyeusi huonekana siku ya tatu yakiiva.

Yapangeni ndani ya chumba chenye kivuli na hewa, yaive kwa siku tatu hadi tano. Msitumie kabaidi kuivisha: ina uchafu wa sumu, na hutoa embe la njano nje lililo chachu ndani. Kila asubuhi mchambuaji mmoja, yuleyule, achague yaliyoiva lakini bado magumu mkononi. Kwa kipima sukari cha mkononi, yaani refraktometa, rojo lisome Briksi 14 au zaidi. Lililoiva kupita kiasi liende kwenye juisi.

Kituo

Jengo halihitaji ukubwa. Linahitaji mwelekeo mmoja: maembe machafu yaingie mlango wa nyuma, yaoshwe, yamenywe, yakatwe, yapangwe kwenye trei, na pakiti zitoke mlango wa mbele bila kukutana na kreti zenye vumbi. Sakafu iwe ya saruji laini yenye mteremko kuelekea mfereji, madirisha yawe na nyavu, na choo kiwe mbali na kisitazamane na chumba cha kukatia. Tanki la lita 2,000 litatosha kazi ya siku kwa kilo 250.

Osheni mara mbili: kwanza kwa maji ya kawaida kuondoa vumbi na utomvu, kisha kwa maji yenye klorini. Kwa dawa ya maji ya klorini ya kung'arishia nguo (si sabuni), isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, mililita 60 kwenye ndoo ya lita 20 hutoa takriban miligramu 100 za klorini kwa lita. Zamisheni dakika tano, kisha suuzeni kwa maji safi ya kunywa. Visu viwe vya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kisu cha chuma cha kawaida huweka weusi kwenye nyama.

Kukausha

Kilo 250 za maembe hutoa takriban kilo 135 za nyama, zilizobaki ni maganda na kokwa. Kateni vipande vya unene wa milimita 6 hadi 8, vyote sawa. Unene usio sawa ndio chanzo cha kwanza cha ukungu: vyembamba vinakuwa kama karatasi wakati vinene vina maji katikati, na vyote viko kwenye pakiti moja. Zamisheni dakika tano hadi kumi kwenye maji ya ndimu, mililita 250 za juisi ya ndimu kwa lita moja ya maji, ili rangi isigeuke kahawia. Wengine hutumia metabaisalfeti ya sodiamu. Rangi hubaki kali zaidi, lakini huweza kuwadhuru wenye pumu, lazima itajwe kwenye lebo, na wanunuzi wengi wa bidhaa za asili huikataa.

Kwenye trei wekeni kilo 4 za vipande kwa mita moja ya mraba, bila kupandana. Kwa hiyo kilo 135 zinahitaji mita za mraba 34 za trei. Vipande vikichukua siku mbili kukauka, mnahitaji mara mbili yake: mita za mraba 68. Namba hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kikundi hununua kaushio moja la mita 10, kisha hushangaa kwa nini maembe yanaozea chumbani. Wavu wa trei uwe wa plastiki ya chakula. Waya wa mabati humenyuka na asidi ya tunda.

Joto liwe nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi. Likipanda juu ya 65 saa za mwanzo, ngozi ya kipande hufunga na kuzuia maji ya ndani kutoka. Kwa mkono kinaonekana kimekauka, na baada ya wiki tatu pakiti ina ukungu. Geuzeni vipande baada ya saa nne.

Sasa mvua. Novemba na Desemba, siku ambazo maembe ni mengi zaidi ndizo ambazo mawingu hukaa siku tatu mfululizo na hewa ya Pwani ina unyevu usiku kucha. Kaushio la jua peke yake halitoshi. Jengeni chumba kidogo cha akiba chenye jiko la gesi au mkaa, joto likipita ndani ya bomba ili moshi usiguse tunda, na trei zake ziwe za vipimo vilevile vya kaushio la jua ili zihamishwe moja kwa moja. Jioni fungeni matundu yote ya hewa, la sivyo vipande vilivyokauka nusu hunywa unyevu wa usiku na asubuhi vinanuka kama pombe. Siku isiyo na jua, na chumba cha akiba kimejaa, msimenye hata embe moja. Linalosubiri chumbani bado lina thamani, lililokwisha kukatwa halina.

Kipande kilichokauka hukunjika bila kuvunjika, hakitoi maji kikikamuliwa, na ukishika konzi na kuiachia vipande vinaachana. Hakikisheni kwa chupa: wekeni vipande vichache kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, muiache juani saa moja. Umande ukionekana ndani, rudisheni vipande kwenye kaushio. Kisha hifadhini mzigo wote kwenye ndoo zilizofungwa kwa siku tano, mkizitikisa kila siku ili unyevu ulingane, ndipo mpaki. Nailoni ya kawaida hupitisha unyevu. Tumieni mifuko yenye tabaka la foili, na ghala liwe na giza, kwani mwanga hufifisha rangi.

Mavuno ya kutarajia ni kilo moja kavu kwa kila kilo 11 za maembe mazima, yaani karibu kilo 23 kwa siku. Mkihitaji kilo 14 za maembe kwa kilo moja kavu, tafuteni sababu kwenye umenyaji au kwenye maembe yaliyoiva mno.

Rojo na juisi

Kwa kilo 100 za kinywaji cha embe: rojo kilo 30 (lenye Briksi 15), sukari kilo 8.5, asidi ya sitiriki gramu 300, na maji kilo 61.2. Hapo mtapata Briksi 13. Pimeni pH, kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umeongezeka. Embe lililoiva sana huweza kuwa na pH ya juu kuliko 4.6, kiwango ambacho vijidudu hatari huweza kuota ndani ya chupa iliyofungwa. Ongezeni asidi kidogo kidogo mpaka isome chini ya 4. Pasheni hadi nyuzi 88 kwa dakika moja au mbili, jazeni kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, joto likiwa bado juu ya 82, fungeni, zilazeni dakika tatu ili kifuniko nacho kipate joto, kisha zipozeni. Chupa nyembamba za plastiki za maji hujikunja kwa joto hilo, na anayejaza juisi ikiwa imepoa ili kuziokoa anauza juisi itakayovimba dukani.

Rojo la kuhifadhiwa kwenye mapipa kwa viwanda vikubwa ni kazi ya mitambo mingine kabisa. Makueni, nchini Kenya, kiwanda cha Kalamba cha kusindika embe kilijengwa kwa uwekezaji wa kaunti, si wa kikundi cha kijiji.

Gharama, na fedha zinazolala

Kwa bei za mfano, kilo moja kavu inagharimu hivi: maembe kilo 11 kwa shilingi 400 ni 4,400, vibarua 3,000, mifuko na lebo 2,500, gesi na maji 1,000, usafiri 800, uchakavu wa vifaa 1,200. Jumla ni 12,900. Ongezeni asilimia 5 ya hasara, inakuwa takriban 13,550, yaani shilingi 1,355 kwa pakiti ya gramu 100 kabla ya faida. Kila shilingi 100 inayopanda kwenye kilo ya embe inaongeza 1,100 kwenye kilo kavu. Kwa hiyo msiahidi bei ya embe kabla ya kujua duka litanunua pakiti kwa kiasi gani.

Kinachoua vituo ni fedha inayosubiri. Maembe ya siku ni shilingi 100,000. Gharama nyingine za kulipwa taslimu, kwa kilo 23, ni karibu 168,000. Kwa siku sita ni zaidi ya milioni 1.6. Supamaketi ikilipa baada ya wiki nane, mnahitaji karibu milioni 13 za kuzungusha kabla ya shilingi ya kwanza kurudi. Wanaotumia mtaji wote kwenye jengo husimama wiki ya tatu, maembe yakiwa mitini. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ombeni mapema na andikeni wazi kwamba sehemu kubwa ni mtaji wa kununulia matunda.

Vibali

Usajili wa kikundi au ushirika uanze kwa ofisa ushirika wa halmashauri. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania): sajilini jengo na bidhaa huko. Nendeni kwanza SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo), wapate kuwatambulisha na kuwafundisha. Kwa wajasiriamali wadogo njia hiyo hupunguza gharama. Misimbo pau hutolewa na GS1 Tanzania. Anzeni Machi, si Oktoba.

Msimu ukiisha

Kituo cha embe peke yake hulala miezi tisa. Kiwangwa, Bagamoyo, kuna nanasi. Ndizi na papai hupatikana karibu mwaka mzima. Choya hukauka kwa trei zilezile. Nanasi likatwe milimita 8 hadi 10 baada ya kutoa moyo wake, kilo 15 hivi kwa kilo moja kavu, na trei zioshwe kwa sabuni kila siku, maana sukari yake hunata na kuita sisimizi. Wakataji wavae glavu za mpira kuanzia siku ya kwanza: juisi ya nanasi hula ngozi ya vidole, na mtu mwenye vidonda mikononi haruhusiwi kugusa chakula mpaka apone.